Kuhifadhi bila Kuacha: Historia ya Alamisho za Vivinjari na Tatizo la Mrundikano, 1993–2025

1. Utangulizi

Alamisho ya kivinjari ni kumbukumbu yenye sehemu kuu mbili: jina la ukurasa na anwani yake. Mtumiaji anapobofya nyota iliyo kando ya anwani, kivinjari hakiuchukui ukurasa wenyewe, bali huandika mahali ulipo ili uweze kurudiwa. Tendo hilo ni jepesi, na kwa sababu ya wepesi wake hurudiwa mara nyingi. Baada ya miaka michache mtumiaji hujikuta na mamia ya alamisho. Nyingine hakumbuki kwa nini aliziweka, na nyingine zinaelekeza kwenye kurasa ambazo hazipo tena.

Hali hiyo huelezwa kwa kawaida kuwa ni kasoro ya mtu binafsi, yaani uvivu au kukosa utaratibu. Insha hii inapinga maelezo hayo. Hoja yake kuu ni kwamba mrundikano wa alamisho ni zao la historia. Tangu mwaka 1993, mabadiliko makuu ya vivinjari na huduma zinazoambatana navyo yalirahisisha kuhifadhi, kisha yakarahisisha kutafuta, lakini hayakuupa uamuzi wa nini kiachwe uzito kama huo. Kazi ya kupunguza ilipokosa mwenyewe, ilitekelezwa na nguvu mbili zilizo nje ya mamlaka ya mtumiaji: kufa kwa viungo na kufungwa kwa huduma.

Kwa ajili ya mjadala huu, ni muhimu kutofautisha dhana mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Kupanga ni kukipa kila kitu mahali pake. Kupunguza ni kuamua kipi kisipewe mahali. Mtu anaweza kupanga alamisho elfu moja bila kupunguza hata moja, na historia inayofuata inaonesha kwamba zana tulizopewa zilikuwa, kwa sehemu kubwa, zana za kupanga. Matukio yanayojadiliwa yalitokea zaidi Marekani na Uswisi, kwa kuwa ndiko programu hizi zilikobuniwa. Hata hivyo, matokeo yake yanamhusu kila mtafiti anayetegemea Wavuti, akiwamo mtafiti wa Kiswahili, kama itakavyobainishwa katika sehemu ya sita.

2. Usuli: njia za Bush na anwani za Berners-Lee

Wazo la chombo cha kumsaidia msomaji kurudia alichokwisha kukisoma ni kongwe kuliko Wavuti. Mnamo Julai 1945, Vannevar Bush, mhandisi aliyeongoza ofisi ya serikali ya Marekani iliyosimamia utafiti wa kisayansi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, alichapisha makala katika jarida la The Atlantic Monthly. Humo alieleza mashine ya kubuni aliyoiita memex. Ilikuwa meza yenye vioo vya kusomea, ambayo ndani yake vitabu, barua na kumbukumbu za mtu zingehifadhiwa katika filamu ndogo. Msomaji angeweza kuunganisha ukurasa mmoja na mwingine na kujenga njia ya kupitia fikra zake, kisha kuirudia njia hiyo miaka mingi baadaye.

Jambo la kuzingatiwa katika wazo la Bush ni kwamba njia hizo ziliunganisha nakala zilizokuwa ndani ya meza ya msomaji mwenyewe. Kiungo na kilichounganishwa vilikaa pamoja, chini ya umiliki wa mtu mmoja. Memex haikupata kutengenezwa.

Wavuti iliyobuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, ilijengwa juu ya msingi tofauti. Katika pendekezo lake la Machi 1989 na katika programu aliyoiandika mwishoni mwa mwaka 1990, kiungo kilikuwa ni anwani inayoelekeza upande mmoja tu. Anayeunganisha hakuhitaji ruhusa ya mwenye ukurasa, na mwenye ukurasa hakuarifiwa kwamba ameunganishwa. Uamuzi huo ndio ulioiwezesha Wavuti kukua haraka, kwa sababu hapakuhitajika daftari kuu la viungo vyote. Gharama yake ilikuwa kwamba ukurasa ungeweza kuhamishwa au kufutwa bila wale wanaouelekea kujua. Mwaka 1998 Berners-Lee mwenyewe aliandika kuwahimiza wenye tovuti wasibadilishe anwani zao. Himizo hilo lenyewe ni ushahidi kwamba mabadiliko ya anwani yalikwishakuwa tatizo.

Alamisho ilirithi msingi huo. Ilichukua kutoka kwa Bush matumaini ya kurudia njia, lakini ikachukua kutoka kwa Wavuti anwani isiyo na nakala. Udhaifu unaojadiliwa katika insha hii unaanzia katika pengo hilo.

3. Kutoka orodha hadi folda, 1993–1995

Kivinjari kilichoieneza Wavuti nje ya maabara za wanafizikia kilikuwa Mosaic, kilichoandikwa na Marc Andreessen na Eric Bina katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois na kutolewa mwaka 1993. Mosaic kilikuwa na sehemu ya kuhifadhi anwani ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa “orodha moto”. Katika matoleo ya mwanzo ilikuwa orodha kwa maana halisi ya neno: anwani moja chini ya nyingine, bila matabaka. Kwa wakati huo ilitosha. Tovuti zilikuwa chache, na aliyehifadhi kurasa 20 alizifahamu zote kwa majina.

Orodha za watu binafsi hazikukaa faraghani kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa mwaka 1994, Jerry Yang na David Filo, wanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, walianza kuziweka wazi anwani walizozipenda, wakizigawa katika mafungu na mafungu madogo kadiri zilivyoongezeka. Orodha hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Yahoo. Kwa hiyo, saraka iliyojulikana kuliko zote katika miaka ya mwanzo ya Wavuti ilianza kama mkusanyo wa anwani za wanafunzi wawili. Tofauti yake na mikusanyo mingine ni kwamba ilipata watu wa kuihudumia kama kazi. Yahoo iliajiri wahariri wa kupitia tovuti na kuamua mahali pa kuziweka. Mtumiaji wa kawaida hakuwa na mhariri.

Alichopewa mtumiaji huyo ni folda. Netscape Navigator, kilichotolewa rasmi Desemba 1994, kiliimarisha neno la Kiingereza ambalo Kiswahili leo hulitafsiri kama alamisho, na kikaruhusu alamisho kuwekwa ndani ya folda na folda ndani ya folda nyingine. Zote ziliandikwa katika faili moja ya HTML ambayo yenyewe ingeweza kufunguliwa kama ukurasa. Internet Explorer ya Microsoft, iliyotokea Agosti 1995, iliziita anwani hizo “vipendwa” na kuhifadhi kila moja kama faili yake ndani ya folda ya Windows. Mfumo wa Netscape ulizichukulia alamisho kama kitabu, ilhali ule wa Microsoft ulizichukulia kama karatasi ndani ya kabati. Ingawa Netscape yenyewe ilikoma kuendelezwa mwaka 2008, hadi leo vivinjari vinapohamisha alamisho kwenda nje huandika faili ambayo mstari wake wa kwanza una jina Netscape.

Folda ilitatua tatizo la urefu wa orodha, lakini ilizua lingine. Tuchukue mfano wa mtafiti anayehifadhi ukurasa unaohusu Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa Pate mwaka 1858. Je, auweke katika folda ya tenzi, ya Pate, ya washairi wanawake, au ya karne ya 19? Folda humlazimisha achague moja, na achague wakati ambao bado hajajua ukurasa huo utamfaa kwa kazi gani. Mkutubi hukabili tatizo hilohilo akiwa na kanuni za uainishaji na mafunzo ya miaka. Mtumiaji wa kivinjari alilikabili akiwa peke yake, katikati ya usomaji.

4. Ushahidi wa tafiti za mwanzo, 1997–2001

Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walianza kuchunguza namna watu walivyozitumia zana hizi. Linda Tauscher na Saul Greenberg, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, walibaini kwamba asilimia 58 ya kurasa zilizofunguliwa na washiriki wao zilikuwa ni za kurudiwa. Hitaji la kurudia lilikuwa kubwa. Hata hivyo, sehemu ndogo tu ya marudio hayo ilipitia alamisho, kwani watu walirudi zaidi kwa kitufe cha nyuma na kwa viungo walivyokuwa navyo mbele yao.

Mwaka uliofuata, David Abrams, Ron Baecker na Mark Chignell walichapisha matokeo ya hojaji ya watumiaji 322 pamoja na uchambuzi wa mikusanyo ya alamisho ya watu 50. Picha waliyoitoa ni ya watu wanaoongeza alamisho mfululizo na kuzipanga kwa nadra, kwa kawaida pale orodha inapokuwa haivumiliki tena. Watumiaji hao walikuwa wakilinganisha gharama mbili: muda wa kupanga kwa upande mmoja, na usumbufu wa kutafuta ndani ya vurugu kwa upande wa pili. Kwa kuwa gharama ya kwanza hulipwa leo na ya pili hulipwa siku isiyojulikana, kuahirisha hakukuwa kukosa busara.

Tafiti hizi zinaungana na ule wa Thomas Malone wa mwaka 1983 kuhusu meza za ofisini. Malone alitofautisha mafaili yaliyopangwa na marundo yaliyoachwa juu ya meza, akaonesha kwamba rundo lina kazi yake, kwani humkumbusha mwenye meza jambo ambalo halijamalizika. Karatasi iliyofichwa ndani ya kabati haikumbushi chochote. William Jones, Harry Bruce na Susan Dumais, katika utafiti wao wa mwaka 2001, waliona jambo linalofanana na hilo: watu walijitumia anwani kwa baruapepe au kuuchapa ukurasa kwenye karatasi, ingawa alamisho ilikuwapo. Baruapepe ilirudi machoni pao; alamisho haikurudi.

Kutokana na ushahidi huo tunaweza kusema kwamba alamisho ilibebeshwa kazi mbili zinazopingana. Ilitakiwa kuwa hifadhi ya vilivyokwisha kuthaminiwa na wakati huohuo kuwa kikumbusho cha visivyosomwa bado. Mikusanyo mingi iliharibika kwa kuchanganya mambo hayo mawili.

5. Lebo na utafutaji, 2003–2008

Jibu lililovutia zaidi kwa tatizo la folda lilitolewa na Joshua Schachter, aliyeanzisha huduma ya Delicious mwaka 2003. Alamisho zilihama kutoka kwenye kompyuta ya mtu hadi kwenye seva, zikawa wazi kwa wengine, na badala ya folda zikapewa lebo. Ukurasa wetu wa Utendi wa Mwana Kupona sasa ungeweza kubeba lebo nne kwa pamoja. Hapakuwa na haja ya kuchagua moja.

Wasomi waliipokea hatua hiyo kwa shauku. Thomas Vander Wal alibuni mwaka 2004 neno la kuutaja uainishaji huo unaofanywa na umma wenyewe, tofauti na ule wa wakutubi. Scott Golder na Bernardo Huberman waliochunguza lebo za Delicious waligundua kwamba lebo za watu wengi juu ya ukurasa mmoja hutulia katika uwiano usiobadilika sana. Umma, bila kukubaliana rasmi, ulifikia aina fulani ya maafikiano. Lakini watafiti hao hao waliorodhesha pia lebo ambazo hazikueleza yaliyomo katika ukurasa, bali nia ya mtumiaji. Mojawapo ilimaanisha “ya kusoma”. Rundo la Malone lilikuwa limehamia kwenye lebo. Ugumu wa kuchagua mahali uliondolewa, na kwa kuondolewa huko kizuizi cha mwisho cha kuhifadhi kikaondoka pia.

Vivinjari vilifuata njia hiyo. Firefox 3, iliyotolewa Juni 2008, iliondoa alamisho kwenye faili ya HTML na kuziweka katika hifadhidata moja pamoja na historia ya kurasa zilizotembelewa. Iliongeza lebo, na ikaweka nyota ndani ya upau wa anwani. Kubofya nyota mara moja kulihifadhi ukurasa bila swali lolote. Alamisho hiyo ilikwenda katika folda maalumu ambayo jina lake lilimaanisha “alamisho zisizopangwa”. Kwa mwanahistoria, folda hii ni ushahidi wa aina yake. Katika matoleo yaliyotangulia, kuhifadhi kulifungua kisanduku kilichomuuliza mtumiaji mahali pa kuiweka alamisho. Sasa swali hilo liliondolewa katika njia ya kawaida, na kutopanga kukapewa makao rasmi ndani ya programu. Baadaye jina la folda hiyo lilibadilishwa na kuwa “alamisho nyingine”, na hata dokezo kwamba kuna kazi iliyobaki likatoweka.

Badala ya mpangilio, mtumiaji alipewa utafutaji. Upau wa anwani wa Firefox 3, na ule wa Chrome iliyotokea Septemba mwaka huohuo, ulichambua historia na alamisho kwa pamoja kila herufi ilipoandikwa. Dhana iliyokuwa nyuma yake ni kwamba kisichopangwa kinaweza kupatikana, na kwa hiyo hakuna ulazima wa kukipanga, sembuse kukipunguza.

Inaweza kudaiwa kwamba utafutaji ulimaliza tatizo. Dai hilo lina ukweli kwa yule anayekumbuka neno la kutafuta. Halimsaidii aliyesahau kwamba ukurasa upo, wala haliwezi kumwambia kwa nini aliuhifadhi. Vilevile, programu za kukagua viungo vilivyokufa zimekuwapo kwa miaka mingi. Lakini programu ya namna hiyo hujua kama ukurasa unafunguka, haijui kama una thamani. Uamuzi ulibaki bila chombo.

6. Upunguzaji usio na hiari: viungo na huduma

Wakati watumiaji walipokuwa hawapunguzi, mikusanyo yao ilikuwa ikipunguzwa. Njia ya kwanza ilikuwa kufa kwa viungo. Mwaka 2014 Jonathan Zittrain, Kendra Albert na Lawrence Lessig walionesha kwamba nusu ya viungo vilivyonukuliwa katika maamuzi ya Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani havikuelekeza tena kwenye taarifa iliyokusudiwa. Kituo cha utafiti cha Pew kilikadiria mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena ilipofika Oktoba 2023. Mkusanyo wa alamisho wa muongo mmoja uliopita, hata ukiwa umepangwa kwa ustadi, hauna kinga dhidi ya hali hiyo.

Wataalamu wa Kiswahili wana mfano wao wa karibu. Mradi wa kamusi ya mtandaoni ya Kiswahili ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994 ulikuwa miongoni mwa kazi za mapema za lugha yetu katika Intaneti. Ulipoondoka chini ya anwani ya chuo hicho na kuchukua anwani nyingine, kila alamisho iliyokuwa imeelekea kule ilibaki ikielekeza mahali ambapo kazi hiyo haipo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika alamisho hali imepinduka: daftari linabaki salama, nayo mali hutoweka bila daftari kutoa habari.

Njia ya pili ilikuwa kufungwa kwa huduma zenyewe. Yahoo iliinunua Delicious mwishoni mwa mwaka 2005. Miaka mitano baadaye, Desemba 2010, habari zilivuja kwamba ilikusudia kuachana nayo. Mwaka 2011 iliuzwa kwa kampuni ya waanzilishi wa YouTube, ikapita mikononi mwa wamiliki wengine, na Juni 2017 ikanunuliwa na mwenye Pinboard, huduma ndogo ya kulipia iliyokuwa mshindani wake, aliyeiacha isomwe tu bila kuongezwa kitu. Saraka ya Yahoo ilifungwa Desemba 2014, na ile ya DMOZ, iliyohudumiwa na wahariri wa kujitolea tangu 1998, ikafungwa Machi 2017. Huduma ya alamisho ya Google, iliyoanza 2005, ilifungwa Septemba 2021. Pocket, iliyoanza mwaka 2007 kwa ajili ya kuweka makala za kusoma baadaye na kununuliwa na Mozilla mwaka 2017, ilisitishwa Julai 2025.

Kila huduma ilipofungwa, watumiaji waliotaka kuokoa vitu vyao walipaswa kuhamisha mkusanyo mzima kwa mara moja. Hawakuwa na nafasi ya kuchagua. Walichukua kila kitu au walikosa kila kitu. Aliyehamia huduma nyingine alihamia na mrundikano wake, na aliyechelewa alipoteza cha thamani na kisicho na thamani bila ubaguzi. Hii ndiyo sura halisi ya upunguzaji katika historia ya alamisho: ulitokea, lakini haukuwa uamuzi wa mwenye mkusanyo.

7. Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba alamisho ilipitia hatua tatu za mpangilio, yaani orodha, folda na lebo, kisha ikafikia hatua ya utafutaji ambayo ilifanya mpangilio uonekane si wa lazima. Katika kila hatua, kuhifadhi kulikuwa kwepesi zaidi kuliko katika hatua iliyotangulia. Kuacha kulibaki kama kulivyokuwa mwaka 1993: mtu mmoja, mbele ya orodha, akifuta anwani moja baada ya nyingine. Kumlaumu mtumiaji kwa mrundikano ni kusahau kwamba zana zake zilielemea upande mmoja.

Kutokana na historia hii yanatokea mambo matatu kwa mtafiti. Kwanza, vikumbusho vitenganishwe na hifadhi. Ukurasa ambao haujasomwa usikae pamoja na ule uliokwisha kutumika, na ukikaa muda mrefu bila kusomwa ufutwe, kwa kuwa kazi yake ya kukumbusha imekwisha. Pili, alamisho inayobakizwa iandikiwe sababu yake, kwa maana sababu ndiyo kitu pekee ambacho hakuna injini ya utafutaji inayoweza kukirejesha. Tatu, ukurasa ambao hoja ya tasnifu inautegemea usiachiwe anwani pekee. Uwekewe nakala, ama katika kompyuta ya mtafiti, ama katika hifadhi ya umma kama Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996 na kuufungulia umma kumbukumbu zake za kurasa mwaka 2001.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi, na linaturudisha kwa Bush. Katika meza yake ya kubuni, kilichohifadhiwa na njia ya kukifikia vilikaa mahali pamoja. Wavuti ilivitenganisha, na alamisho ikatufanya tuamini kwamba tunacho tulichokiandikia anwani tu. Kupunguza mkusanyo, kwa maana iliyotetewa hapa, ni kuvikutanisha tena viwili hivyo kwa vile vichache tunavyovihitaji kweli, na kukiri kwamba vilivyobaki havikuwa mali yetu tangu mwanzo. Mtahini anayefuata kiungo katika tasnifu na kukuta ukurasa mtupu hana njia ya kuipima hoja iliyojengwa juu yake, na ukubwa wa mkusanyo wa mwandishi hauwezi kumsaidia.